Msiba wa Timu ya Chuo cha Nyuki

“Barua umeiandika wewe!”

“Nimeichapa, Bi. Mwatumu. Kuichapa si kuiandika.”

“Kwa vidole vya nani?”

“Vyangu, lakini vilikuwa kazini.”

“Basi na hivi vyangu viko kazini,” alisema Bi. Mwatumu, akamnyooshea vyote vitano juu ya ukuta.

Ukuta huo unatenganisha ua wa Bi. Mwatumu na ua wa Bwana Mchopa. Unamfikia mtu kifuani, na huo ni urefu mzuri kabisa kwa ugomvi: uso wa mwenzio unauona wote, lakini ngumi haimfikii. Sisi majirani hatukuwa tunasikiliza. Kila mtu alikuwa na shughuli yake. Ilitokea tu kwamba asubuhi ile watu kumi na wanne tulikuwa na nguo za kuanika upande ule, na baadhi ya nguo zenyewe zilikuwa kavu.

“Miaka tisa tunaazimana chumvi, Mchopa! Hata kunigongea ukaniambia, ‘jirani, kuna jambo’?”

“Ilikuwa siri ya Serikali.”

“Siri gani? Mama Kijoti alijua tangu juzi!”

“Mama Kijoti nilimwambia kwa siri.”

Mama Kijoti, aliyekuwa anaanika shuka lile lile kwa mara ya tatu, alithibitisha kwa kichwa kwamba ndiyo, aliambiwa kwa siri, na kwamba yeye naye aliwaambia watu kwa siri vilevile.

Bi. Mwatumu ni kocha wa timu ya mpira ya Chuo cha Nyuki, chuo kidogo kilicho nyuma ya soko letu, ambako vijana hufundishwa kufuga nyuki na kurina asali. Timu inaitwa Dondora. Dondora ni nyigu, si nyuki, tunajua. Aliyechagua jina hakufanya vizuri katika somo la wadudu. Bwana Mchopa ni mpiga chapa katika Wizara ya Upunguzaji. Barua iliyofika asubuhi ile, yenye mihuri mitatu, ilisema kwamba timu ya Dondora imefutwa kuanzia tarehe ya barua, na kwamba Serikali inamtakia Kocha upunguzaji mwema.

*

Hapa sina budi kueleza kidogo, kwa ajili ya wasomaji wa nchi nyingine ambao bila shaka hawajawahi kuona mambo ya namna hii kwao. Jina la nchi sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la vibali lilipunguzwa.

Serikali yetu iligundua siku moja kwamba matumizi yake yamezidi. Haikulala. Papo hapo iliunda Wizara ya Upunguzaji, yenye waziri mmoja, manaibu waziri watano na jengo jipya la ghorofa tisa. Ili kuonyesha mfano, Wizara ilianza kujipunguza yenyewe: iliondoa kipandio cha nne katika kila ngazi ya jengo. Watumishi wakazoea kuruka. Mpaka leo ukimwona mtu katika barabara iliyonyooka anakwenda hatua tatu, kisha anaruka, ujue huyo ni mtumishi wa Upunguzaji. Mpishe.

Baada ya ngazi ilikuja zamu ya taa za barabarani. Nyekundu iliondolewa, ikabaki kijani, kwa kuwa kijani ndiyo inayosukuma maendeleo. Kisha mashahidi wa ndoa walipunguzwa kutoka wawili hadi mmoja na nusu, nusu akiwa ni yule aliyechelewa. Wananchi tulifurahi. Mheshimiwa Waziri naye alipoona tumefurahi, alitangaza redioni kwamba kabla mwezi haujaisha vitapunguzwa vitu arobaini na moja.

Wataalamu walikaa kuhesabu, wakapata arobaini.

Cha arobaini na moja kilitafutwa siku mbili. Watu walipekua kabati, wakainua mazulia. Mwishowe naibu mmoja, akiwa amechoka, alifungua dirisha la ghorofa ya tisa apate hewa, akaona kwa mbali, nyuma ya soko, vijana wanakimbia uwanjani. Aliwatazama kwa dakika ishirini. Kisha akarudi mezani akaandika: “Wanakimbia, hawafiki.”

Ndivyo Dondora ilivyoingia kwenye orodha.

*

Nisiwe mnafiki: Dondora ilikuwa haijashinda mechi kwa miaka sita. Sare ilipata moja, siku ambayo wapinzani walikosa usafiri. Lakini hilo silo lililokuwa likimliza Bi. Mwatumu.

Chuo cha Nyuki kina utaratibu wake. Kijana aliyeanguka mtihani kidogo tu, na ambaye kwao hakuna wa kumshika mkono, anaweza kuingia chuoni kwa miguu yake; yaani akijua kupiga mpira, anapewa kitanda, sahani, na nafasi darasani. Dondora walikuwa kumi na sita, wote wameingia kwa njia hiyo. Timu ikifutwa, vitanda kumi na sita vinarudi stoo, na vijana kumi na sita wanajitwisha magodoro na kurudi walikotoka, kila mmoja akiwa amejifunza nusu ya nyuki. Matimbwa, mshambuliaji wao, alikuwa amebakiza muhula mmoja tu. Ndiye aliyekuwa ameanza kutengeneza mizinga ya kuwauzia watu wa kwao, na ndiye pia aliyekuwa hajafunga bao kwa miaka mitatu.

“Mie nimewaambia mama zao nitawarudisha wakiwa na cheti,” Bi. Mwatumu alisema kwenye kikao. “Sikuwaambia nitawarudisha wakiwa na godoro.”

Kikao kilifanyika kwake jioni hiyohiyo. Sikumbuki kama tulialikwa. Tulijaa mpaka wengine wakakaa dirishani, miguu ndani, mgongo nje.

Kwanza tuliandika malalamiko na kukusanya sahihi mia tisa. Wizara iliyapokea kwa heshima, ikayapunguza yakawa sahihi tatu, ikajibu kwamba watu watatu hawatoshi kubadili uamuzi wa Serikali. Kisha tulimwendea Mkuu wa Chuo. Alitufungia mlango tukiwa ndani, akashusha pazia, akatuambia yuko pamoja nasi kwa asilimia mia, ila tusimtaje. Tukamtumia salamu Naibu Waziri wa pili, akatupeleka kwa wa nne, wa nne akatupeleka kwa wa kwanza, na wa kwanza akasema jambo hili liko wazi kabisa, ni la wa pili.

Ndipo tulipokutana tena kwa Bi. Mwatumu, na Mama Kijoti akaweka chini kikombe chake.

Mama Kijoti ndiye mwenyekiti wa kudumu wa kamati zote za misiba mtaani kwetu. Masufuria makubwa yako kwake, turubai liko kwake, na majembe pia. Hakuna anayezikwa bila yeye kujua, na wapo wanaosema hakuna anayekufa bila kumtaarifu.

“Nauliza tu, mie sikusoma,” alisema. “Kitu kikifutwa na Serikali, kinakuwa hai au kimekufa?”

Watu wakatazamana.

“Kimekufa,” alisema mmoja.

“Kwa barua?”

“Kwa barua. Mihuri mitatu.”

“Basi mnanikalisha hapa kunywa chai ya nini?” Mama Kijoti alisimama akajifunga kanga kiunoni. “Nyumba hii ina msiba. Nani anakwenda kuni?”

*

Kwetu msiba ni msiba. Harusi ukiikosa, utaleta zawadi baadaye na yataisha. Msiba ukiukosa, watu watataja jina lako mpaka wajukuu wako waulizwe. Ndiyo maana viongozi wetu hukosa vikao vya bajeti, hukosa hata kazi zenyewe, lakini msibani wanafika, tena mapema, na kiti cha mbele wanakijua.

Turubai lilifungwa asubuhi. Viti vya plastiki vikaja, na mikeka. Wanaume wakakaa nje kuzungumza siasa kwa sauti ya chini inayosikika mpaka sokoni; wanawake wakazunguka moto kumenya vitunguu na watu. Sheikh wa mtaa alipoombwa kuongoza, alitazama barua akasema hii inaelekea ni ya mchungaji. Mchungaji alisoma barua ileile akasema hapana, kwa kweli hii ni ya sheikh. Wote wawili walibaki kula. Tulizika mpira uliotoboka, karibu na kibendera cha kona. Vijana kumi na sita walisimama mstari mmoja na jezi zao. Hawakuwa wanaigiza. Walikuwa wanalia kweli, maana magodoro walikwisha yafunga kamba.

Bwana Mchopa hakuitwa. Hakutumwa kuni, hakuombwa kiti hata kimoja, hata mchele wa kuchambua hakupewa. Asiyewahi kutengwa na msiba wa mtaa wake hawezi kuelewa adhabu hiyo. Alipita mbele ya turubai mara nne akiwa na kiti chake kichwani. Hakuna aliyekipokea.

Akaenda kazini. Huko alikuta mezani maombi ya kawaida: kuna msiba nyuma ya soko, watu ni wengi, Mheshimiwa Waziri anakwenda, itolewe Hotuba Namba Saba.

Hotuba Namba Saba ndiyo hotuba ya misiba ya nchi nzima. Iliandikwa zamani sana, ni nzuri, na haijawahi kubadilishwa hata nukta. Ina nafasi moja iliyoachwa wazi kwa ajili ya jina, na nyingine ya idadi ya watoto. Kazi ya Bwana Mchopa ni kujaza hizo nafasi mbili. Siku ile alizijaza kwa uangalifu mkubwa, akaipuliza karatasi wino ukauke, akaipeleka.

Saa saba Mheshimiwa Waziri aliteremka garini, akaenda hatua tatu, akaruka, akafika kwenye kipaza sauti.

“Ndugu wafiwa,” alisema. “Nimepokea kwa mshtuko mkubwa taarifa za kuondokewa na mpendwa wetu, Timu ya Mpira ya Chuo cha Nyuki. Mimi marehemu namfahamu tangu utotoni. Tumesoma wote. Tumelala chumba kimoja. Alikuwa mcheshi, mchapakazi, asiye na makuu, na nguo zake zilikuwa safi wakati wote.”

Wanawake wakapaza kilio. Mheshimiwa akatoa leso.

“Marehemu ameacha mjane,” na hapo macho yote yakamwangukia Bi. Mwatumu, aliyekuwa amekaa mkekani na filimbi shingoni, “na watoto kumi na sita. Mama, nyanyua uso unitazame. Hawa si wako tena. Ni wa Serikali! Watasoma, nasema watasoma mpaka mwisho! Yote aliyoyaanzisha marehemu yataendelezwa, na atakayethubutu kuyazima, kwanza apite juu ya mwili wangu!”

Tulipiga makofi mpaka turubai likatikisika. Waandishi wa habari waliandika. Mheshimiwa alipokwisha kukaa, alimwinamia msaidizi wake.

“Aliugua nini?”

“Alipunguzwa, Mheshimiwa.”

Mheshimiwa akatikisa kichwa taratibu. “Siku hizi unaua sana, huo,” alisema, akaomba maji ya kunawa.

*

Jumatatu Bi. Mwatumu alikwenda Wizarani na nakala ya hotuba. Alivaa kanga mbili za msiba, kwa ushauri wa Mama Kijoti, na aliruka kipandio cha nne kila ghorofa bila kuambiwa, jambo lililowafanya walinzi wamdhanie ni mtumishi.

“Unataka nini, mama?” karani wa mapokezi aliuliza.

“Nimefuata ahadi.”

“Ahadi ipi?”

“Ya msibani.”

Karani aliacha kutafuna. Aliita mwenzake, na mwenzake akamwita mkubwa wake. Mkubwa alikuja na tabasamu.

“Mama yangu, pole na msiba. Lakini ahadi za msibani, unajua, ni za kufariji.”

“Nimefarijika, baba, Mungu awape heri. Sasa naomba utekelezaji.”

Hapo Wizara iliingia katika shida ambayo haikuwahi kuiona. Katika nchi yetu hakuna ombi lisiloweza kukataliwa, kwa sababu kila ombi lina fomu yake ya kukataliwa: ya kijani kwa barabara, ya njano kwa dawa, ya buluu kwa maji. Walitafuta fomu ya kukataa ahadi ya msibani. Haikuwepo. Tangu nchi ianzishwe, hakuna mtu aliyewahi kurudi kuidai, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuichapisha. Na bila fomu, mtumishi hawezi kukataa. Na asipoweza kukataa, hajui kinachofuata.

Kwa muda huo vijana walifungua magodoro. Wakaendelea na masomo, na jioni wakaendelea kukimbia uwanjani. Mtu akiuliza, waliagizwa waseme wanaomboleza. Uwanja wa chuo unapakana na ua wa Bi. Mwatumu, na mipira mingi ya Dondora huishia jikoni kwake, kwa hiyo maombolezo yalikuwa yanafika mpaka kwenye sufuria.

Manaibu watano walikaa siku nane. Wa kwanza alipendekeza Mheshimiwa ayafute maneno yake. Wa tatu akakumbusha kwamba maneno ya msibani hufutwa msibani, na msiba ulikwisha, na turubai limekodishwa. Wa tano, ambaye kwa kawaida husinzia, ndiye aliyetoa hoja: Serikali imeahidi kuendeleza kazi za marehemu. Je, ikithibitika kwamba marehemu hajafa? Ahadi inaanguka yenyewe, na barua ya kufuta inarudi kufanya kazi siku hiyohiyo. Walimpigia makofi mpaka akasinzia tena.

Jioni ile ukutani kulisikika kikohozi.

“Jirani,” alisema Bwana Mchopa. “Kuna jambo.”

Bi. Mwatumu hakugeuka, lakini aliacha kukoroga.

“Wanaleta Mkaguzi wa Marehemu. Siku ya arobaini, siku ya ile mechi yenu ya dua na Chuo cha Forodha. Akiandika kwamba timu iko hai, mmekwisha. Barua ya kwanza inasimama.” Akachungulia nyuma yake. “Barua ya kumleta nimeichapa leo saa nne. Nimeona nije kabla haijakauka.”

Kisha bakuli la mchuzi likaonekana juu ya ukuta.

“Onja kama chumvi imekolea,” Bi. Mwatumu alisema. “Mie leo ulimi hauna ladha.”

*

Tulimshauri Bi. Mwatumu aahirishe mechi. Akasema arobaini haiahirishwi, na mechi imekwisha tangazwa kuwa ndiyo dua. Tulimshauri basi awaambie vijana wacheze vibaya.

“Mchezaji ukimwambia acheze vibaya,” alijibu, “hata kufungwa kwenyewe atakosea. Waacheni. Miaka sita hawajashinda, leo ndiyo watashindia nini?”

Tukaona ana hoja. Hatukuwaambia.

Mkaguzi wa Marehemu alifika saa mbili asubuhi. Aliitwa Bwana Nyenyembe, mtu mwembamba, mpole, mwenye mwavuli mweusi na fomu ndefu. Alisalimia wote, akatoa pole kwa kila mtu, akakataa chai. Alikataa maandazi pia. Alieleza kwa masikitiko kwamba kanuni ya wakaguzi haimruhusu kutia kitu mdomoni pale anapokagua. Maana aliyekula chakula cha msiba amekwisha kuwa mfiwa, na mfiwa hapokelewi ushahidi juu ya marehemu wake. Mkaguzi mmoja wa zamani, alisema, alisahau akala kipande cha muhogo, na marehemu wake hajulikani hali yake mpaka leo.

Kwa hiyo alikaa. Alikuwa amekuja na kiazi kitamu kimoja, akakila barabarani kabla hajafika. Pilau ya arobaini iliinjikwa saa nne, na upepo siku ile ulitokea jikoni kwenda uwanjani. Saa sita alihamisha kiti. Upepo nao ukahama. Mama Kijoti alipita mbele yake mara kadhaa na sinia, kwa shughuli zake tu.

Mechi ilianza saa kumi. Chuo cha Forodha wanajulikana nchi nzima kwa mabeki wao, ambao hawapitishi kitu. Mshambuliaji akifika wanamsimamisha, wanamzunguka, wanautazama mpira alionao kana kwamba wanauliza umetoka wapi, na akiondoka anaondoka bila mpira. Kufikia mapumziko Forodha walikuwa wanaongoza mbili bila. Mambo yalikwenda vizuri kabisa.

Fomu ya Bwana Nyenyembe ilikuwa na maswali. “Je, marehemu anajongea?” Aliandika: “Ndiyo.” “Ikiwa ndiyo, kwa kusudi?” Alifikiri, akautazama uwanja, akaandika: “Hapana.” Tulioketi nyuma yake tulisoma, tukabonyezana. Mama Kijoti akamkonyeza Bi. Mwatumu. Bi. Mwatumu aliitikia kwa kichwa, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyesifiwa kwa jambo asilolipenda.

Kipindi cha pili, dakika ya kumi, mabeki wanne wa Forodha waliuzunguka mpira kuukagua. Walitofautiana juu yake. Wakati wanajadiliana, Matimbwa alipitisha mguu katikati yao, akauchukua, akaenda nao, akaupiga macho ameyafumba. Wavu ulitikisika. Hakuna aliyeshangilia, maana hatukuwa na uzoefu. Ilibidi mwamuzi aoneshe katikati mara mbili.

Dakika tano baadaye kona ilipigwa, ikamgonga beki wao begani, ikaingia. Mbili kwa mbili.

“Mwatumu!” Mama Kijoti alimshika mkono. “Watoto wanafufuka! Mtoe yule!”

“Nani?”

“Matimbwa! Mtoe, mwambie mguu unamuuma! Shoga, vitanda kumi na sita!”

Bi. Mwatumu alipiga filimbi yake, akamwita. Matimbwa alikuja mbio mpaka kwenye mstari, jasho limemlowesha, meno yote nje.

“Kocha, umeona? Kocha, umeliona lile?”

Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kwa miaka mitatu hakuwahi kuja kwenye ule mstari akiwa na uso wa namna ile. Bi. Mwatumu alimtazama. Alitazama pia kiti cha Mkaguzi. Kisha akamshika kijana shingo ya jezi, akamvuta sikio karibu.

“Nimeliona. Sasa sikiliza. Beki wao wa kushoto anageukia upande mmoja tu, upande wa kulia. Mpitie kwingine. Na fumbua macho, mjinga wewe. Nenda.”

Mama Kijoti alikaa chini kwenye majani na kanga yake.

Ilibaki dakika moja. Matimbwa alipitia kwingine. Beki aligeukia kulia, akabaki amegeukia huko mpaka mwisho. Mpira uliingia polepole, kama mgeni anayebisha hodi, na safari hii tulijua la kufanya: uwanja ulilipuka, viti vikaruka, sheikh akamkumbatia mchungaji, na mbele yetu sote, juu ya kiti, mwavuli umetupwa huko, alikuwa amesimama mtu mwembamba anapiga kelele, “Piga tena! Piga tena we!”

Kisha akajiona. Akateremka, akaokota mwavuli wake, akanyoosha tai.

*

Fomu hiyo hutiwa sahihi nyumbani kwa wafiwa, mbele yao. Tulitembea nyuma yake mpaka barazani kwa Bi. Mwatumu. Vijana kumi na sita walikuja bado wanaruka, na walipoona nyuso zetu waliacha, mmoja mmoja. Ndipo Bwana Mchopa alipowaeleza kwa sauti ndogo yaliyokuwa yanasubiri kwenye karatasi ile. Matimbwa alimtazama kocha wake.

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Na hukunitoa?”

“Ulikuwa unacheza,” alisema Bi. Mwatumu.

Bwana Nyenyembe alifungua kalamu.

“Kocha,” alisema, “mimi ni mtu mkweli. Nimeona dalili za uhai.”

“Ngapi?”

“Tatu.” Akaitazama fomu kwa huzuni. “Hapa pana nafasi ya mbili tu. Ya tatu itabidi niiandike pembeni.”

Sufuria lilifunuliwa jikoni, na harufu ikatoka mlangoni ikasimama katikati yetu. Bi. Mwatumu alitazama ile fomu, ambayo bado haikuwa na sahihi. Kisha alimtazama mwenye kalamu, mashavu yalivyoingia ndani.

“Bwana Nyenyembe, uko hapa tangu saa mbili.”

“Ndiyo, mama. Kazi.”

“Hujatia kitu mdomoni.”

“Kanuni, mama.”

“Najua.”

Alijua, na Mkaguzi alijua kwamba anajua, na sisi sote tulijua. Kalamu ilibaki hewani. Mkaguzi alitazama upande wa jikoni, akauliza polepole, kama mtu anayeulizia habari za mvua:

“Ni pilau?”

“Pilau. Na kachumbari. Na ukoko nimekutengea pembeni.”

Bwana Mchopa aliingia ndani, akakaa mwisho wa mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Mama Kijoti alikuwa amekwisha shika birika na beseni la kunawa. Bi. Mwatumu akavuta pazia la mlango, akalishikilia.

“Vua viatu, baba,” alisema. “Ingia ule.”